Ruhusa ya kufunza akili unde ina vipande vingi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu kazi za waandishi, wanamuziki na wapigapicha zinazotumika kufunza akili unde. Wachangiaji wengi wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kilichowekwa mtandaoni kimeachwa wazi, kila mwenye ndoo achote. Wapo wanaosema kila kilichochukuliwa bila kuulizwa mwenyewe ni wizi, mjadala umekwisha. Wa kwanza wamekosea sheria. Wa pili wanauliza kama ruhusa ilitolewa, lakini hawaulizi ilikuwa ruhusa ya kufanya nini, wala aliyeitoa alikuwa na mamlaka gani. Humo ndimo kazi za watu zinamopotelea.

Kosa la wa kwanza halina haja ya maneno mengi. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kazi inalindwa tangu inapoundwa. Haihitaji alama ya ©, muhuri wala usajili. Anayeweka shairi kwenye tovuti yake anawaruhusu watu walisome hapo, hajampa mtu haki ya kulinakili. Anayetaka kunakili bila kuuliza lazima aegemee moja kati ya mambo mawili: leseni ambayo mwenye kazi mwenyewe aliitoa, au msamaha uliomo katika sheria ya nchi ambamo nakala inatengenezwa.

Misamaha hiyo haifanani hata kidogo. Japani iliirekebisha sheria yake mwaka 2018, na tangu tarehe 1 Januari 2019 kifungu cha 30-4 kinaruhusu kutumia kazi kwa uchambuzi wa data pale ambapo lengo si mtu kuisoma au kuifurahia, mradi maslahi ya mwenye kazi yasidhuriwe isivyo haki. Singapore, kwa sheria yake ya mwaka 2021, inaruhusu kunakili kwa ajili ya uchambuzi wa kompyuta ikiwa mtu ameipata kazi kihalali, na mkataba hauwezi kuiondoa ruhusa hiyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, una milango miwili: kifungu cha 3 kwa taasisi za utafiti, na kifungu cha 4 kwa yeyote, isipokuwa mwenye kazi ametangaza kwamba amejihifadhia haki hiyo. Marekani haina msamaha maalumu. Mahakama hupima kesi moja moja kwa vigezo vinne vya matumizi ya haki (fair use), yaani matumizi yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye kazi.

Kwa hiyo kitabu kilekile kikifanyiwa jambo lilelile kinaweza kupata majibu manne, na mahali ilipokaa seva huwa jambo zito. Katika kesi ya Getty Images, kampuni ya picha, dhidi ya Stability AI, kampuni ya akili unde, huko London, mlalamikaji alilazimika kuliacha dai lake kuhusu ufunzaji kabla ya hukumu, kwa kukosa ushahidi kwamba ufunzaji ulifanyika ndani ya Uingereza.

Sasa tuingie jikoni. Kufunza modeli, yaani programu yenyewe ya akili unde, ni kazi ya hatua kadhaa, na nakala hutengenezwa karibu katika kila moja. Roboti, yaani programu ya kukusanya kurasa, hupita kwenye tovuti na kuzishusha. Hiyo ni nakala ya kwanza. Kisha maandishi husafishwa: menyu na matangazo huondolewa, lugha hutenganishwa, vinavyojirudia hupunguzwa. Hapo nakala ya pili imezaliwa, na mara nyingi ndipo jina la mwandishi na tamko la hakimiliki hupotelea, kwa sababu programu ya kusafisha huuona mstari unaojirudia chini ya kila ukurasa kuwa takataka. Halafu maandishi hukatwakatwa kuwa tokeni, yaani vipande vya maneno vilivyopewa namba. Modeli hujifunza kukisia kipande kinachofuata, na kila inapokosea, namba zake za ndani hurekebishwa kidogo. Kinachobaki mwishoni ni faili kubwa la namba. Huwezi kulifungua ukakuta ukurasa wa 40 wa riwaya yako. Lakini kifungu kilichojirudia mara nyingi ndani ya data kinaweza kukaririwa neno kwa neno na kutoka kizimakizima kikiombwa. Ndiyo maana wimbo mfupi ulionakiliwa kwenye tovuti mia una hatari kubwa kuliko sura ya kumi ya riwaya isiyonukuliwa na mtu. Kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kiswahili kikiwamo, hatari huongezeka, kwa sababu wafunzaji huyapitisha maandishi yaleyale machache mara kadhaa ili lugha isizame katika bahari ya Kiingereza.

Kila hatua hapo juu ni tendo linaloweza kuruhusiwa au kukatazwa peke yake. Mahakama zimeanza kulitazama jambo hivyo. Tarehe 23 Juni 2025 Jaji William Alsup wa California, katika kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya akili unde ya Anthropic (Bartz dhidi ya Anthropic), alikataa kuzihukumu nakala zote kwa mkupuo. Kampuni ilikuwa imenunua vitabu vya karatasi, ikavikata migongo na kuviskani. Hilo alisema ni halali. Kufunza modeli kwa vitabu nako alikuita matumizi ya haki, tena yenye kubadili sana lengo la kazi. Lakini nakala zaidi ya milioni 7 zilizoshushwa kutoka maktaba za maharamia na kuwekwa akiba, hizo hakuzipa kinga. Kesi iliishia kwenye maridhiano ya dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu kabla ya kukata gharama. Siku mbili baada ya uamuzi wa Alsup, jaji mwingine wa mahakama hiyohiyo, Vince Chhabria, aliipa Meta ushindi dhidi ya waandishi 13, lakini aliandika waziwazi kwamba walalamikaji walileta hoja zisizofaa na ushahidi mchache, na kwamba hoja ya soko kufurika kazi zilizotengenezwa na mashine ingeweza kushinda katika kesi nyingine. Anayesoma vichwa vya habari tu atadhani majaji hao wawili walisema jambo moja.

Katika maridhiano yale kuna somo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Ili kitabu kiingie kwenye orodha ya malipo, ilibidi kiwe na namba ya ISBN au ya ASIN (namba ya bidhaa ya Amazon), kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka 5 tangu kilipochapishwa, na usajili huo uwe umefanyika kabla kampuni haijakishusha au ndani ya miezi 3 tangu kuchapishwa. Kitabu ambacho hakikusajiliwa huko kingeweza kuwa kwenye rafu ileile ya maharamia na kisipate hata senti. Sheria ya Marekani inamruhusu mwandishi wa kigeni kushtaki bila usajili, lakini fidia zilizopangwa na sheria, kati ya dola 750 na 30,000 kwa kazi, na hadi 150,000 pale ilipothibitika mtu alikusudia, hutolewa kwa aliyesajili mapema. Asiyesajili atadai hasara halisi, na hasara halisi ya kitabu kimoja kati ya milioni kadhaa haithibitishiki kirahisi. Usajili wa kazi moja ya mwandishi mmoja kwa mtandao hulipiwa dola 45. Kwa kitabu chenye matumaini ya kusomwa nje, hiyo ni gharama ya kuwekwa kwenye bajeti ya uchapishaji pamoja na jalada.

Kuna swali jingine ambalo mahakama hazijakubaliana: je, modeli yenyewe ni nakala? Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ile ya Getty, ilisema modeli isiyohifadhi picha ndani yake si nakala inayovunja hakimiliki. Wiki moja baadaye, tarehe 11 Novemba, mahakama ya Munich, katika kesi ya GEMA, chama cha haki za watunzi wa muziki cha Ujerumani, dhidi ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, ilisema mashairi ya nyimbo 9 yaliyokaririwa na modeli yamo ndani yake, na kwamba huko ni kunakili. Ukizisoma kwa haraka utasema Ulaya imechanganyikiwa. Tofauti kubwa imo katika kilichothibitishwa: Munich ilionyeshwa mashairi yakitoka kwa maombi mepesi kabisa, London haikuwa na kitu cha namna hiyo mbele yake. Ushahidi wa kukariri, basi, una thamani kubwa, na watu wengi wanaukusanya vibaya.

Njia mbaya kuliko zote ni kuiuliza modeli, "Je, umesoma kitabu changu?" Jibu la ndiyo au la kutoka kwa mashine halina uzito, kwa sababu haina daftari la ilichosoma, inatunga sentensi inayofanana na jibu. Njia ya pili mbaya ni kuiomba muhtasari wa hadithi. Muhtasari unaweza kuwa umetoka kwenye tahakiki, maelezo ya duka la vitabu au mijadala ya wasomaji. Jaribio lenye maana hufanywa hivi. Chagua vifungu vitano hadi kumi kutoka katikati ya kitabu, visivyowahi kunukuliwa popote. Vitafute kwanza kwenye mtandao ili uhakikishe. Zima kipengele cha kutafuta mtandaoni ndani ya programu hiyo, la sivyo utakuwa unapima tovuti badala ya modeli. Ipe maneno 50 ya mwanzo wa kifungu na uiambie iendelee, bila kutaja jina la kitabu wala lako. Rudia mara kadhaa katika mazungumzo mapya, maana jibu la mara moja linaweza kuwa la bahati. Kisha fanya hivyohivyo kwa kifungu ambacho umekiandika lakini hujakitoa hadharani. Ikiwa modeli inakisia chako cha siri kwa kiwango kilekile, basi inafuata mtindo wa lugha tu. Ikiwa kwenye kile kilichochapishwa inatoa mfululizo mrefu wa maneno yaleyale, na kwenye cha siri inapotea njia, una kitu mkononi. Hifadhi picha za skrini zenye tarehe, jina la modeli na toleo lake, pamoja na maneno uliyoingiza. Jaribio likishindwa halithibitishi kwamba kazi haikutumika. Kazi nyingi hutumika bila kukaririwa.

Kuhusu kufunga mlango, faili la robots.txt limeshatajwa na wengine, lakini kwa namna inayowapa watu usalama wa uongo. Ni faili la maandishi matupu linalokaa kwenye mzizi wa tovuti. Anayetaka kuzuia roboti za kukusanya data ya kufunzia huandika:

User-agent: GPTBot
User-agent: CCBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: Google-Extended
Disallow: /

Mistari hiyo mitano ina mitego. Faili likiwekwa ndani ya folda, roboti hailioni. Linahusu jina moja tu la seva, kwa hiyo la tovuti kuu halilindi tawi lenye anwani yake, tuseme la duka au la jarida. Kila moja linahitaji faili lake. Roboti iliyotajwa kwa jina hufuata kundi lake tu na kuliacha kundi la nyota (User-agent: *, yaani roboti zote), na hapo wengi huteleza: wanaweka marufuku ya folda za siri chini ya nyota, halafu wanaandika kundi la GPTBot lenye ruhusa ndogo, wakidhani makundi hayo yanajumlishwa. Hayajumlishwi. Seva ikijibu kwamba faili halipo, roboti huhesabu kila kitu ni ruksa. Na mwenye haraka akiandika nyota pamoja na mkwaju peke yake (Disallow: /), atazifukuza pia roboti za utafutaji, na tovuti yake itaanza kufifia kwenye matokeo.

Google-Extended si roboti kamili. Ni jina ambalo Google huliangalia kwenye faili kabla ya kutumia kurasa zilizokwisha kuletwa na roboti yake ya kawaida, kwa hiyo hutaliona kamwe kwenye kumbukumbu za seva. Majibu ya akili unde yanayoonekana juu ya ukurasa wa utafutaji wa Google hayazuiwi na jina hilo. Wachapishaji wengi waligundua hilo wakati wasomaji walishapungua.

Kisheria, RFC 9309 ya Septemba 2022, ambayo ndiyo kanuni rasmi ya robots.txt, inasema yenyewe kwamba sheria zake si kufuli la kuzuia watu kuingia. Ni tangazo. Chini ya kifungu cha 4 cha agizo la Ulaya tangazo hilo lina nguvu kubwa, kwa sababu kwa kazi zilizo mtandaoni sheria inataka uhifadhi wa haki usomeke na mashine. Sentensi iliyofichwa kwenye ukurasa wa masharti inaweza kutosha au isitoshe. Mahakama ya Hamburg iligusia hilo Septemba 2024 bila kuhitaji kuliamua. Mwenye busara huweka vyote viwili. Ila hakuna tangazo linalorudi nyuma. Common Crawl, shirika linalohifadhi nakala za tovuti, linakusanya kurasa za dunia tangu miaka ya 2000, na aliyefunga mlango leo hajaugusa mkusanyo wa juzi. Wala faili lako halilindi nakala yako iliyobandikwa na msomaji kwenye tovuti yake.

Kumbukumbu za seva nazo zitunzwe. Huonyesha anwani ya IP, saa na jina la roboti, na kwa kawaida kampuni zinazohifadhi tovuti huzifuta baada ya muda mfupi. Zipakue kila mwezi. Jina la roboti linaweza kughushiwa na yeyote, hivyo linganisha anwani ya IP na orodha ambazo kampuni kadhaa huzichapisha. Kwa wapigapicha, tangu mwaka 2023 kiwango cha IPTC, cha maelezo yanayoandikwa ndani ya faili la picha (metadata), kina sehemu ya kuandika ndani ya picha kama uchimbaji wa data unaruhusiwa. Ni jambo jema, lakini mitandao ya kijamii mingi huifuta metadata picha inapopakiwa, kwa hiyo weka nakala asili yenye maelezo yote na alama ya SHA-256 ya faili, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ile yenye herufi na tarakimu 64, ukiiandika mahali penye tarehe inayoaminika.

Watu wanaotegemea leseni za Creative Commons, zile za kuitoa kazi itumike bure kwa masharti, nao wanajiwekea kinga wasiyo nayo. Leseni hiyo hufanya kazi pale ambapo mtu anahitaji ruhusa. Sheria ya nchi ikimsamehe, masharti ya kutaja jina au kutofanya biashara hayamfungi. Na leseni hizo hazirudishwi: ukiacha kuitoa kazi chini yake, waliokwisha kuipokea wanaendelea nayo.

Nije sasa kwenye mikataba, ambako ndiko ruhusa hupotea bila mtu kushtuka. Kifungu kinachopatikana katika mikataba mingi ya uchapishaji husema hivi: "Mwandishi anampa Mchapishaji haki ya kutumia Kazi kwa namna zote zinazojulikana sasa na zitakazobuniwa baadaye." Mwanasheria wa mchapishaji atasoma kufunza modeli ndani ya "zitakazobuniwa baadaye". Wa mwandishi atasema haki iliyotolewa ni ya kuwauzia binadamu vitabu vya kusoma. Ubishi huo unaweza kumalizwa mapema kwa sentensi moja: "Mchapishaji hataitumia Kazi, wala hatamruhusu mwingine kuitumia, kufunza, kunoa au kupima modeli ya akili unde, bila idhini ya maandishi ya Mwandishi itakayotolewa kwa kila kazi na kwa kila mnunuzi." Maneno matatu yale, kufunza, kunoa na kupima, yawepo yote. Ukikataza kufunza peke yake, mtu atasema modeli ilishafunzwa, yeye aliinoa tu.

Mwenye nia ya kukubali naye asiandike "naruhusu" akalala. Novemba 2024 HarperCollins iliwapa baadhi ya waandishi wake wa vitabu vya maarifa pendekezo la dola 5,000 kwa kitabu, zigawanywe nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mchapishaji, kwa miaka 3, na asiyetaka akatae. Unaweza kubishana kuhusu bei na mgawo (kwangu nusu kwa nusu ni mgawo wa kumpendelea mchapishaji, kwa kuwa hapa hachapi wala hasambazi kitu), lakini umbo lake ni sahihi: kuna kazi iliyotajwa, kuna muda, kuna haki ya kukataa. Kinachobaki kuuliza ni haya. Je, modeli inaweza kutoa maneno mangapi mfululizo ya kitabu? Je, kitabu kitatumika pia kunukuliwa wakati modeli inajibu maswali ya watu? Hayo ni matumizi mengine kabisa na yanaua mauzo haraka zaidi, kwa hiyo yalipiwe peke yake. Je, kampuni inaweza kumpa mwingine hazina hiyo ya data? Na muda ukiisha, nini kinafutwa?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloachwa wazi mara nyingi. Leseni ya miaka 3 haimaanishi kwamba modeli itasahau mwaka wa nne. Kuitoa kazi moja ndani ya modeli iliyokwisha kufunzwa hakufanani na kung'oa ukurasa; njia ya uhakika ni kufunza upya bila kazi hiyo, na hakuna kampuni itakayofanya hivyo kwa ajili ya riwaya moja. Mwandishi anachoweza kudai ni kwamba nakala zote za data zifutwe kwa hati ya uthibitisho, na kwamba modeli mpya zisifunzwe kwa kazi hiyo. Mkataba useme hivyo waziwazi badala ya kutumia neno "kusitisha" ambalo kila upande utalifasiri kivyake.

Malipo yakihesabiwa kwa tokeni, kataeni kusaini kabla ya kujua ni kikatatokeni gani kinachohesabu. Programu nyingi za kukata tokeni zimezoeshwa zaidi Kiingereza, na neno letu kama "tulivyowaelekeza" linaweza kukatwa vipande vingi. Maandishi yaleyale yatatoa hesabu tofauti kwa programu tofauti. Kipimo cha idadi ya maneno au cha kitabu kizima hakina ujanja huo.

Kisha kuna mnyororo wa wenye haki. Tafsiri ina wawili, mwandishi na mfasiri. Mkusanyo wa hadithi fupi una wote walioandika, na aliyehariri hawezi kuwaruhusia wenzake. Wimbo una utunzi na una rekodi, na mara nyingi hazimilikiwi na mtu mmoja. Kitabu cha sauti kina msomaji mwenye haki zake za uigizaji, na kazi yake ikifunza modeli ya sauti atashindana na sauti yake mwenyewe. Ridhaa yake iandikwe peke yake. Mnunuzi wa data mwenye akili ataomba uthibitisho wa mnyororo wote, na ukikosekana kiungo kimoja anayetoa dhamana ndiye atakayelipa. Katika mikataba hiyo kifungu cha dhamana kisomwe kabla ya kifungu cha malipo.

Tangu tarehe 2 Agosti 2025, Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wa modeli za matumizi ya jumla kuwa na sera ya hakimiliki na kuchapisha muhtasari wa data waliyofunzia. Waliokwisha kuziweka sokoni kabla ya hapo wana hadi Agosti 2027. Msitarajie mengi kutoka kwenye muhtasari huo. Kwa tovuti zilizokusanywa na roboti, kielelezo chake kinadai orodha ya asilimia 10 ya juu ya anwani kwa wingi wa maandishi yaliyochukuliwa. Tovuti ndogo ya mashairi haitaonekana humo hata kama imekombwa yote.

Magazeti nayo yako ndani ya jambo hili. Kumbukumbu za gazeti ni maandishi safi, yaliyohaririwa, yenye tarehe, na kwa lugha isiyo na hazina kubwa mtandaoni hayo ni mali. Siku ofa ya kuinunua ikija, mhariri ataulizwa ni vipi kati ya vilivyomo ni vya gazeti. Taarifa za waandishi walioajiriwa zina jibu lake kwenye mikataba ya ajira. Makala za wachangiaji wa nje, katuni, mashairi ya wasomaji na picha zilizonunuliwa kwa matumizi ya mara moja hazina jibu hilo, na barua kama hii hutumwa bila mkataba wowote. Fomu ya mistari mitano ingetosha: kuchapa kwenye karatasi, kuweka kwenye tovuti, kutunza kwenye kumbukumbu, kufunza modeli, kuinukuu kazi ndani ya majibu ya modeli, na kila mstari na kisanduku chake cha ndiyo na cha hapana.

Kwa barua hii, jazeni ndiyo kwa mitatu ya kwanza. Kwa miwili iliyobaki, niandikieni kwanza.

Mshauri wa mikataba ya hakimiliki